Kichupa Namba Kumi na Saba

Dolgor hajawahi kumtaja mama mkwe wake kwa jina, na ameishi naye miaka thelathini na mitatu. Kwetu Mongolia, mke hatamki jina la mama wa mumewe, hata kama wanalala hema moja na kula chungu kimoja. Humwita mama. Akiongea na watu wa nje husema "mama wa kwetu", na bonde zima la Tsagaan Bulag linajua anayesemwa ni Sevjid, yule bibi wa mtindi wa farasi. Nalitanguliza hili mapema kwa sababu bila adabu hiyo, na nyingine moja nitakayoifikia, mkasa huu usingetokea hata kidogo.

Kazi ya Dolgor ni utabibu. Si daktari mwenye ofisi na koti lililopigwa pasi. Ni tabibu msaidizi, mwenye pikipiki ya bluu na sanduku la dawa lililofungwa nyuma kwa kamba ya manyoya ya ngamia. Anachanja watoto, anafunga vidonda, anazalisha wajawazito theluji ikiziba njia. Mimi kanichanja, wanangu kawachanja, na kila mara anasema haiumi, na kila mara ni uongo mtupu. Lakini ukiugua, ukasikia ile pikipiki inakohoa mtoni, unapata nafuu kabla hajafika.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, alimleta mgeni. Mtafiti kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar, binti mwembamba anaitwa Maralmaa, na gari lake lilibeba mtungi wa chuma ambao ukiufungua unafuka moshi wa baridi. Tukakusanyika hemani kwa Dolgor kumsikiliza. Binti akanywa chai, akaonja jibini kavu, akauliza mifugo imenenepa vipi, yote kwa heshima. Kisha akasema anachotaka ni choo chetu.

Gombo, mume wa Dolgor, akaangalia juu kwenye tundu la moshi kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

"Tumboni mwa kila mmoja wenu kuna mifugo," Maralmaa akaeleza. "Midogo sana, jicho haliioni. Inakula mnachokula, na yenyewe inawasagia chakula na kuwafukuzia magonjwa. Nyie mnakunywa airag, huu mtindi wenu wa farasi, msimu mzima, bakuli juu ya bakuli. Nataka kujua mmefuga nini humo ndani."

"Ukishajua, tutatozwa kodi ya mifugo?" akauliza Luvsan, jirani yetu wa ng'ambo ya mto.

"Hapana, mzee."

"Basi mimi nitatoa."

Dolgor akapewa vichupa arobaini, kila kimoja na mfuko wake mweusi, kila kimoja na namba. Majina yangebaki kwenye daftari lake peke yake. Akavigawa hema kwa hema, akaeleza mara arobaini namna ya kufanya, na Gombo akawa anampokea jioni kwa maneno. "Miaka thelathini unaomba watu damu, ukaomba mkojo, watu wakakuvumilia. Sasa mke wangu umefika mwisho wa safari. Hakuna kingine cha kuomba."

"Kipo," Dolgor akamjibu. "Cha kwako bado sijakipata."

Baada ya siku mbili akaenda kuvikusanya. Luvsan alikileta chake kimefungwa kwa hariri ya bluu, ile tunayowapa watawa na wazee wa heshima, akakikabidhi kwa mikono miwili na kuinama. Dolgor naye akakipokea kwa mikono miwili, maana afanyeje. Sevjid alikileta chake mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani, akakitumbukiza sandukuni ndani ya mfuko wake mweusi. Dolgor hakukitazama. Ni aibu mke kukitazama kitu kama hicho cha mama mkwe. Akaandika kumi na saba kwenye daftari, na mahali pa jina akaacha kistari, kwa sababu hata kalamu ilikataa.

Siku ya kuondoka Maralmaa alisahau thamosi yake ya chai kwa Sevjid. Bibi akamfuata nayo mpaka garini. Binti alipoifungua aliona imejaa malai ya maziwa mpaka shingoni.

"Bibi, mbona hivi? Ilikuwa tupu."

"Sisi haturudishi chombo kitupu," Gombo akamwambia. "Pokea tu, usibishane na mama, nenda."

Akapokea, akaenda, na sisi tukasahau habari za choo.

Sasa niseme kidogo kuhusu airag ya Sevjid, ingawa mate yatanitoka. Airag ni maziwa ya farasi jike yanayosukwa ndani ya kiriba cha ngozi mpaka yachachuke na kutoa povu. Kila hema linatengeneza. Lakini ya Sevjid ukiinywa unahisi umeoshwa uso kwa ndani. Chachu yake ilikuja na bibi yake juu ya ngamia, zamani, hakuna anayejua mwaka. Hakumnyima mtu. Kila bibi harusi wa bonde hili alipewa bakuli la kuanzia. Ila chachu ile ilikuwa na tabia yake: ikihama hema, baada ya misimu miwili ladha inageuka, inafuata mikono ya mwenye hema jipya. Maralmaa alisema ndivyo ilivyo, mikono nayo imejaa vijidudu, kila mtu na vyake. Sevjid alisema yeye alilijua hilo kabla mama yake Maralmaa hajazaliwa.

Vuli ikiisha, wengine hukausha machicha ya airag kwenye kitambaa na kuyahifadhi. Sevjid hakufanya hivyo. Aliyaacha machicha yagande barafu chini ya kiriba, na kiriba chenyewe, ngozi iliyonyonya maziwa miaka arobaini, kilikuwa ndiyo chachu. Kikalala baridi yote nyuma ya hema. Majira ya joto yakija, anamimina maziwa mapya, kinaamka.

Mwaka jana mwezi wa tatu Sevjid aliugua mapafu. Dolgor ndiye aliyemsikiliza kifua, ndiye aliyembeba kwenye gari la Luvsan mpaka hospitali ya wilaya, na ndiye aliyekaa karibu naye akihesabu sindano za antibiotiki. Zilikuwa kali, na zilimwokoa. Katika wiki mbili alizolazwa ukaja waraka: watoto wa wilaya jirani wanaharisha, ndoo na mitungi ya maji ioshwe kwa klorini. Dolgor akarudi bondeni mbio, akapita hema kwa hema, akaosha na kuoshesha. Kwao akaanza na ndoo. Kisha mitungi. Kisha, kwa kuwa hawezi kufanya kitu nusu nusu, akakiona kiriba kule nyuma, na lile barafu chafu chini yake. Akadhani mama amehifadhi machicha makavu mahali kama watu wengine. Akalipasua barafu, akalitupa, akakisugua kiriba ndani na nje mpaka kikanukia hospitali.

Waraka ulisema ndoo na mitungi ya maji. Haukutaja kiriba.

Sevjid aliporudi alienda nyuma ya hema akitembea polepole na fimbo yake. Akainama, akakinusa. Akakaa pale muda mrefu. Dolgor alikuwa mlangoni na beseni mkononi, akaelewa kila kitu bila kuambiwa neno. Mama hakumkaripia. Aliingia ndani, akasema chai imepoa, basi. Laiti angemkaripia. Dolgor mwenyewe aliniambia kwamba angepigwa na ile fimbo siku ile, angelala usingizi mzuri.

Tangu hapo tumbo la Sevjid likaharibika. Kwanza liliharisha, halafu likafunga, likafunga kweli kweli, siku tano, siku saba. Chakula kikawa hakimpendezi. Mshipi wake wa kiunoni, uliokuwa unazunguka mara tatu, ukaanza kuzunguka mara nne. Dolgor alimpa dawa za kulainisha, akampa supu ya mifupa, akampeleka kwa daktari wa wilaya, akaambiwa mapafu yamepona, damu ni nzuri, tumbo litarudi taratibu.

"Zile sindano, mama," Dolgor alijaribu kumweleza, "ziliua ugonjwa, lakini ziliua na vile vijidudu vizuri vya tumboni. Ni kama zud imepita humo." Zud ni ile baridi inayofagia mifugo, na sisi wote tunaijua, kila mtu ana mwaka wake ambao alihesabu mizoga.

"Baada ya zud mtu hufanya nini?" Sevjid akauliza.

"Anaanza upya."

"Kwa kutumia nini?"

Mtu huanza upya na kondoo wachache waliobaki, au wa jirani. Alileta airag kutoka bonde la pili, ya watu waliotangulia kukamua. Sevjid aliipokea kwa mikono miwili, akaonja, akasema ni nzuri, akaiweka chini. Bakuli likabaki limejaa. Alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja, na alianza kugawa vitu vyake: pete kwa huyu, chupa ya ugoro kwa yule. Hapo Dolgor akaogopa.

Gombo alikuwa haongei juu ya hayo. Lakini tangu mwezi wa nne alikuwa anafukiza ngozi mpya ya ng'ombe juu ya moshi wa samadi kavu, anaikanda, anaishona kwa mishipa.

"Hicho kiriba cha nini?" Dolgor akamuuliza. "Chachu hakuna."

"Cha siku ikitokea."

"Siku gani?"

"Ningejua ningeshona haraka zaidi."

Katikati ya mwezi wa sita, simu ya Dolgor ikatetemeka akiwa juu ya kilima. Kwetu simu inashika juu ya kilima kimoja tu, na ukiwa na jambo la siri, pole, kwa sababu wapo watu wengine wanne pale juu wanapiga za kwao.

"Dada Dolgor, ni mimi Maralmaa. Namba kumi na saba ni nani?"

"Kwani kafanya nini?"

"Dada, keti chini. Matokeo yametoka. Watu thelathini na tisa ni watu tu, wamechanganyika kama kawaida. Huyu wa kumi na saba tumboni mwake kuna bakteria wa maziwa watupu. Hakuna mwingine. Hajawahi kuonekana binadamu wa hivi. Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ana afya?"

Dolgor akawapa mgongo wale wanne wa kilimani. "Tumbo lake halijafanya kazi tangu wiki iliyopita."

"Haiwezekani," Maralmaa akasema. "Nakuja. Jina lake?"

"Ni..." Dolgor akafunika mdomo kwa kiganja, akanong'ona. "Mama wa kwetu."

"Mama wa kwenu anaitwa nani?"

"Njoo tu," Dolgor akasema. "Ukifika utamwita wewe."

Habari zilishuka kilima kabla ya Dolgor. Kufikia jioni bonde zima linajua kuna namba kumi na saba mwenye tumbo la ajabu, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka namba yake, kila mtu alikuwa ni yeye. Luvsan alivaa vazi lake la sikukuu siku tatu mfululizo akisubiri wanasayansi.

Maralmaa aliendesha saa tisa. Aliingia na daftari, na kinasa sauti, na sanduku la biskuti, akapiga magoti mbele ya Sevjid kama mtu aliyeletwa kwa mganga mkuu. Luvsan, ambaye alikuwa amekuja "kuazima msumari", akavua kofia kwa masikitiko.

"Bibi, asubuhi unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Nyama unakula?"

"Meno yakikubali."

"Bibi, ile siku ya kutoa, ulikuwa umetumia dawa yoyote?"

"Siku ya kutoa nini?"

Maralmaa akakohoa. "Ile... ya kwenye kichupa."

Sevjid akavuta kitambaa chake cha kichwa mbele kidogo. Akamtazama binti yule usoni, kwa huruma kabisa.

"Mwanangu, hivi wewe uliamini kweli mimi ningekupa ile?"

Hata chai kwenye sufuria nadhani iliacha kuchemka.

"Bibi, ulitia nini?"

"Airag. Ya siku ile ile, ya juu, bado inatoa povu. Wewe mtoto wa watu umetoka mbali, umenipa kichupa kisafi, kizuri, kina kifuniko. Nikurudishie kitupu? Haiwezekani. Nikutilie uchafu? Nao hauwezekani, mimi nina wazazi walionilea. Nikakutazama ulivyo mwembamba, nikasema huyu mtoto akiona kiu atakunywa njiani."

Gombo alitoka nje. Tulimsikia kule nyuma ya hema akigonga paji la uso kwenye gurudumu la mkokoteni. Luvsan yeye hakujisumbua kutoka, alilala chali palepale zuliani na kofia yake usoni.

"Lakini vijana wa maabara," Maralmaa akasema kwa sauti ndogo, "waliandika choo laini sana."

"Kilikuwa laini," Sevjid akakubali.

"Nilisimama mbele ya maprofesa, bibi. Nikawaambia nimempata mtu mwenye tumbo lisilo na mfano Mongolia nzima." Mdomo ukaanza kumtetemeka, tukafikiri analia, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Kilipotoka kilimwangusha ubavuni mwa Luvsan.

Dolgor peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na birika mkononi, rangi imemtoka.

"Maralmaa," akasema. "Kilichobaki kiko wapi?"

"Kilichobaki cha nini?"

"Cha kichupa. Mlikimwaga?"

Binti akajifuta machozi. "Hatumwagi kitu. Tulichota punje tu. Kingine kiko kwenye friji ya baridi kali. Digrii themanini chini ya sifuri."

"Kimekufa?"

"Sijui. Vingine hufa, vingine huamka."

"Hapa kwetu mwezi wa kwanza ni arobaini na tano," Gombo akasema. Alikuwa amerudi, macho mekundu, amesimama mlangoni. "Na inaamka kila mwaka."

Hapo Dolgor akaweka birika chini, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Maneno aliyokuwa ameyabeba miezi mitatu yakamtoka mbele ya watu wote. "Mama, mimi ndiye niliyeiua. Nilikisugua kiriba kwa mikono yangu. Sikukuuliza."

"Najua," Sevjid akasema. "Nani mwingine angesugua vizuri vile?"

"Mbona hukunigombeza?"

"Ulikuwa unaosha ili watoto wa watu wasiumwe. Ningekugombeza, kesho yake ungeogopa kuosha." Akamwekea mkono kichwani, mkono mkavu, mwepesi. "Inuka. Unamzuia mgeni asipate chai."

Dolgor akainuka, akamwaga chai nyingine zuliani kwa sababu haoni vizuri, na hakuna aliyelitaja.

Maralmaa alirudi baada ya siku kumi na moja. Alikuwa ameomba ruhusa kwa wakubwa wake, na walipomuuliza sampuli inakwenda kufanya nini, aliwajibu inarudi kwa mwenyewe. Kichupa kilikuja ndani ya thamosi ile ile ya malai, kimezungukwa na barafu. Mfuko mweusi, namba kumi na saba. Gombo akaleta kiriba chake kipya na hakusema lolote, ila alikishika kama mtu anayeleta mtoto wake shule siku ya kwanza.

Farasi majike walikamuliwa asubuhi ile. Sevjid akatoka nje na kijiko cha mti, akarusha maziwa ya kwanza juu angani, sadaka ya mbingu, kisha akaingia, akamimina kichupa ndani ya kiriba mwenyewe. Kilikuwa kidogo kiasi cha kumtia mtu uchungu, kidole gumba kimoja tu cha kitu cheupe. Akaushika mwiko wa kusukia, akasuka mara kumi, akachoka, akampa Dolgor.

"Mikono yako wewe sasa," akasema.

Dolgor alisuka mpaka mabega yakawaka. Kila aliyeingia alisuka, maana ndivyo tunavyofanya, huingii hema lenye kiriba ukakaa tu. Luvsan alikuja akasema, "Ndiyo hii airag ya sanduku la choo?" kisha akavua koti, akasuka mara mia tano bila kupumzika. Siku ya kwanza hakuna kitu, maziwa tu. Siku ya pili Dolgor alichovya kidole, akaonja, maziwa tu, tena yanaelekea kuharibika. Hakula siku ile. Sevjid alikuwa amelala kitandani ameelekea kiriba, haulizi. Maralmaa alikuwa ameahidi kuondoka siku ya pili. Akasema gari lina tatizo, na sote tulijua halina.

Siku ya tatu asubuhi, Dolgor akafungua sanduku lake la dawa, akatoa kile kipimo cha kusikilizia kifua. Akakiweka masikioni. Akapiga magoti, akakigusisha ubavuni mwa kiriba, kama alivyofanya kwenye mbavu za kila mmoja wetu. Gombo akafungua mdomo kutania, akaufunga.

Dolgor alisikiliza. Akakisogeza chini kidogo. Akasikiliza tena. Kulikuwa na sauti ndogo nyingi, zinapasuka na kupasuka, kama mvua nyepesi inayoanza juu ya hema. Alikaa hivyo akisahau kuwa kuna watu. Kisha akavua kile kipimo, akaenda nacho kitandani akikokota kiriba kwa mkono mwingine, akamvalisha mama mkwe wake masikioni.

Sevjid akasikiliza akiwa amefumba macho.

"Wako wengi," akasema.

Alikunywa bakuli lake la kwanza siku hiyo mchana. Tulikuwa tumejaa hemani, na tulimtazama kama tunavyomtazama farasi wetu anapokaribia mstari wa mwisho. Akanywa nusu, akatua. Dolgor alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Bado changa," Sevjid akasema. "Na mikono ya huyu binti yangu," akamwonyesha Dolgor kwa kidevu, "imeshaingia, ina ukali kidogo." Akalimaliza bakuli lote. "Lakini ni yenyewe. Ongeza."

Sitaeleza jinsi Dolgor alivyolia, mwenyewe hapendi. Nitasema tu kwamba alilia huku anamimina, na hakumwaga hata tone.

Maralmaa anasema nisiwaambie watu airag ndiyo iliyoponya tumbo la Sevjid. Anasema huenda ni muda, huenda ni supu ya mifupa, huenda ni furaha, na kwamba mtu mmoja si ushahidi. Haya, si ushahidi. Mimi nasema nilichoona: bakuli moja, kesho yake matatu, keshokutwa nyama na tambi, na kufikia vuli mshipi ulikuwa umerudi kuzunguka mara tatu na unabana. Pete alizowagawia watu alizidai zote. Na kwenye daftari la Dolgor ile namba kumi na saba imeandikwa upya kwa wino mwekundu: "rudia sampuli".

Maana asubuhi ya Maralmaa kuondoka, injini inanguruma, tukamwona Sevjid anakuja kutoka nyuma ya kile kilima kidogo ambako kila mtu huenda peke yake. Alitembea bila fimbo. Uso wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyetua mzigo wa siku nyingi. Akafika dirishani, akanyoosha mikono miwili, na ndani yake kulikuwa na ule mfuko mweusi na kile kichupa, kimefungwa vizuri.

"Chombo chako," akasema. "Sikurudishi hivihivi."

Maralmaa akakipokea kwa mikono miwili, akakibana kifuani, akakisikia kina joto. "Asante sana, bibi. Hii kweli nitainywa njiani."

Sevjid akavuta kitambaa mbele ya uso, akageuka kurudi hemani.

"Hii ya leo, mwanangu," akasema, "usiinywe."